Ludwik Rajchman: Daktari Aliyetafuta Makao ya Utafiti wa Malaria Duniani

Mwaka 2006 jukumu la kuratibu Mpango wa Kimataifa wa Ushirikiano katika Malaria, unaofahamika kwa kifupi cha MIM, lilikabidhiwa taasisi ya AMANET iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sekretarieti hiyo kukaa katika ardhi ya Afrika, bara linalobeba sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa na vifo vya malaria duniani. Kabla ya hapo ilikuwa imepita London, Marekani na Sweden.

Swali lililokuwa nyuma ya uamuzi huo, yaani ni taasisi ipi ipewe dhamana ya kuwaunganisha watafiti wa mataifa mengi bila kuwameza, lina historia ndefu. Miongoni mwa waliolikabili mapema na kwa mapana yake ni Dkt. Ludwik Rajchman, mtaalamu wa bakteria kutoka Poland, aliyeongoza kazi za afya za Shirikisho la Mataifa mjini Geneva kuanzia mwaka 1921 hadi 1939. Maisha yake yana mafunzo kwa kila nchi inayotaka kuwa mwenyeji wa kazi ya pamoja.

Kutoka Warsaw hadi Geneva

Rajchman alizaliwa Warsaw tarehe 1 Novemba, 1881, wakati mji huo ukiwa chini ya utawala wa Tsar wa Urusi. Alikulia katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Aleksander, alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Filharmonia ya Warsaw. Dada yake, Helena Radlińska, alipata sifa katika taaluma ya malezi na elimu ya jamii, na mdogo wake, aliyeitwa Aleksander kama baba yao, alikuwa mwanahisabati.

Alisomea udaktari Kraków, akajihusisha na harakati za kisoshalisti za Wapoland na kukamatwa kwa sababu hiyo. Baadaye alipata mafunzo ya bakteriolojia katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, kisha akafanya kazi ya utafiti London kwa miaka kadhaa. Poland ilipopata tena uhuru wake mwaka 1918, alirejea nyumbani na kuasisi taasisi kuu ya taifa ya kupambana na magonjwa ya mlipuko.

Haikuwa kazi ya maabara peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeacha njaa, wakimbizi na taifasi, homa inayoenezwa na chawa, katika eneo lote la mashariki mwa Ulaya. Rajchman alijifunza huko jambo ambalo halikumtoka tena: ugonjwa haungojei mabalozi wamalize mazungumzo yao, na nchi moja haiwezi kujilinda ikiwa jirani yake ameachwa peke yake. Sifa alizopata katika kazi hiyo ndizo zilizomfikisha Geneva mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39.

Paris au Geneva?

Alipofika Geneva alikuta mgogoro ambao haukuhusu vijidudu. Tangu mwaka 1907 kulikuwa na makubaliano yaliyounda Ofisi ya Kimataifa ya Afya ya Jamii, yenye makao yake Paris. Ofisi hiyo ilikusanya taarifa za magonjwa kutoka kwa serikali wanachama na kusimamia mikataba ya karantini. Shirikisho la Mataifa lilipoundwa, wengi walitarajia kwamba ofisi ya Paris ingewekwa chini yake, ili dunia iwe na chombo kimoja cha afya.

Jambo hilo halikutimia. Marekani ilikuwa mwanachama wa ofisi ya Paris, lakini ilikataa kujiunga na Shirikisho. Haikuwa tayari kuona ofisi hiyo ikiingizwa katika chombo ambacho yenyewe haimo. Matokeo yake, vyombo viwili vikaishi sambamba kwa miaka mingi, kimoja Paris na kingine Geneva, vikigombania mamlaka, taarifa na heshima.

Mwaka 1923 ulifikiwa muafaka. Kamati ya ofisi ya Paris ilipewa nafasi ya baraza la ushauri, na baadhi ya wajumbe wake wakaingia katika Kamati ya Afya ya Shirikisho. Utendaji ukabaki Geneva chini ya Rajchman. Kwa nje ulionekana kuwa mpango wenye kasoro, lakini yeye aliugeuza kuwa nafasi. Paris ilikuwa mahali pa wawakilishi wa serikali kukutana na kujadili kanuni. Geneva akaifanya mahali pa wataalamu kufanya kazi.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Machi 1922, katika mkutano wa afya wa Ulaya uliofanyika Warsaw, Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziliketi meza moja na nchi nyingine, ingawa wakati huo hakuna hata moja kati yake iliyokuwa mwanachama wa Shirikisho. Kwa Rajchman, mratibu aliyestahili kuitwa hivyo alipaswa kuwa na mlango ambao hata asiye mwanachama angeweza kuupita.

Tume ya Malaria

Malaria ndiyo iliyoupima msimamo huo. Katika miaka hiyo ugonjwa huu haukuwa wa nchi za joto pekee. Ulitesa Italia, Hispania, Ugiriki, Yugoslavia na Romania. Urusi ilikumbwa na mlipuko mkubwa mwaka 1923, ambao ulifika hadi Arkhangelsk, karibu na Aktiki. Ugiriki nayo ilikuwa imepokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Asia Ndogo, wengi wao wakiishi katika maeneo ya mabwawa.

Kamati ya Afya iliunda Tume ya Malaria, na mwaka 1924 wajumbe wake wakafunga safari kupitia Yugoslavia, Ugiriki, Bulgaria, Romania, Urusi na Italia. Miongoni mwa wataalamu walioshiriki katika kazi za Tume kwa miaka iliyofuata walikuwa Nicolaas Swellengrebel wa Uholanzi, Sydney Price James wa Uingereza, Émile Marchoux wa Taasisi ya Pasteur na Bernhard Nocht wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Hamburg.

Rajchman hakujenga maabara kubwa ya malaria Geneva. Utafiti aliuacha katika taasisi zilizokuwa tayari na wagonjwa, mbu, vitanda na walimu. Geneva ilichukua kazi zisizovutia sifa: kuandaa safari, kulinganisha takwimu, kuchapisha ripoti, kutafuta fedha na kuhakikisha kwamba mtaalamu wa nchi moja anaielewa kazi ya mwenzake wa nchi nyingine. Kozi za kimataifa za malaria ziligawanywa kati ya London, Hamburg na Paris, huku wanafunzi wakipelekwa kujifunza kwa vitendo katika maeneo yenye ugonjwa. Katika miaka ya 1930 kozi ya namna hiyo ikafanyika pia Singapore, mji ambao tangu mwaka 1925 ulikuwa na ofisi ya Shirikisho ya kupokea na kusambaza kwa simu za maandishi taarifa za milipuko ya magonjwa kutoka bandari za Mashariki.

Safari za Tume zilikuwa na gharama zake. Mei 1925 ujumbe uliokwenda kuchunguza malaria Palestina na maeneo jirani ulipata ajali ya gari karibu na Beirut. Dkt. Samuel Darling wa Marekani, Dkt. Norman Lothian wa sekretarieti ya Geneva na katibu wa ujumbe huo, Bi. Besson, walipoteza maisha. Kazi haikusimama, ziara ziliendelea, na mwaka 1929 Tume ikafika India.

Ripoti za Tume nazo hazikumfurahisha kila mtu. Wajumbe walieleza kwamba hakuna njia moja ya kudhibiti malaria inayofaa kila mahali. Walitilia mkazo kutibu wagonjwa kwa kwinini, kuua mbu ndani ya nyumba na kuboresha hali ya maisha ya wakulima, hasa katika nchi maskini ambazo hazingemudu kazi kubwa za kukausha mabwawa. Wataalamu walioamini kwamba kuangamiza viluilui ndilo jibu la kwanza waliona kuwa Tume inarudisha nyuma mapambano. Hata hivyo, mjadala uliendeshwa hadharani, kwa ripoti zilizochapishwa, na si kwa amri ya taifa lolote.

Dawa, biashara na uaminifu

Umuhimu wa kuwa na mratibu asiye na upande ulionekana zaidi katika suala la dawa. Sehemu kubwa sana ya magome ya mkwinini duniani ilitoka Java, iliyokuwa koloni la Uholanzi, na bei ilisimamiwa na wafanyabiashara wachache. Mataifa mengi yenye wagonjwa wengi hayakuwa na uwezo wa kununua dawa ya kutosha. Tume ilisimamia ulinganisho wa kwinini na viambata vingine vya magome hayo, ikaweka viwango vya totakwina, mchanganyiko uliokusudiwa kuwa wa bei nafuu.

Wakati huohuo viwanda vya Ujerumani vilitoa dawa mpya za kutengenezwa maabara, zikiwemo plasmokini na atebrini. Kila upande ulikuwa na maslahi yake. Kama majaribio yangeratibiwa na taasisi ya nchi inayouza kwinini, au na nchi inayouza dawa mpya, nani angeyaamini matokeo? Tume iliandaa majaribio yaliyofanyika Algeria, Italia, Malaya, Romania na Urusi, kisha matokeo yakalinganishwa katika ripoti yake ya nne ya mwaka 1937. Thamani ya ripoti hiyo ilitokana na sayansi iliyokuwamo na pia na anwani iliyotoka.

Mwenyeji anapopoteza utulivu

Nguvu za Geneva zilikuwa pia na udhaifu. Sehemu kubwa ya programu za Rajchman ilitegemea fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Zaidi ya hapo, sekretarieti iliishi ndani ya chombo cha kisiasa, na siasa za Ulaya zilikuwa zikiharibika.

Rajchman mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikwenda China mara kadhaa kuishauri serikali katika ujenzi wa huduma za afya, na mwaka 1933 Shirikisho likamteua kuratibu msaada wake wa kiufundi huko. Japani, iliyokuwa imeivamia Manchuria, ilimwona kuwa adui. Msimamo wake dhidi ya ufashisti ulimgombanisha pia na Katibu Mkuu wa Shirikisho, Joseph Avenol, aliyependelea kutoziudhi dola zenye nguvu. Mwaka 1939 Rajchman aliondolewa katika nafasi yake. Vita vilipoanza, idara aliyoijenga ilipunguzwa na kubaki na watumishi wachache. Mtandao uliokuwa umeunganisha mabara ulikosa kitovu chake kwa sababu mwenyeji alikuwa amelegea.

Vita vilimgusa pia kama ndugu. Mdogo wake, mwanahisabati Aleksander, alifia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1940. Ludwik alikwenda Marekani, ambako mwaka 1943 alichapisha pendekezo la kuundwa huduma ya afya chini ya Umoja wa Mataifa.

Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi rasmi mwaka 1948, Geneva ilichaguliwa kuwa makao yake makuu, na safari hii kazi za ofisi ya Paris zikaunganishwa humo. Chombo kimoja kilichokosekana mwaka 1920 kikapatikana. Rajchman hakupewa uongozi wake. Lakini mwaka 1946 alikuwa ameshiriki kuasisi UNICEF, na akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi yake hadi mwaka 1950. Aliishi miaka yake ya mwisho Ufaransa, akafariki dunia huko Chenu tarehe 13 Julai, 1965.

Funzo kwa Afrika

Historia ya Rajchman ina pengo lisilofichika. Tume yake ilijadili malaria ya Ulaya, Asia na Marekani kuliko malaria ya Afrika kusini mwa Sahara, na katika meza zake Mwafrika hakuwa mwenye kauli. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa malaria ya Afrika ya Ikweta mjini Kampala, lakini makoloni ndiyo yaliyokuwa yakiwakilishwa. Hadi watafiti walipokutana Dakar mwaka 1997 na kuanzisha MIM, swali la nani aratibu lilikuwa halijajibiwa kutoka ndani ya bara lenyewe.

MIM ilichagua njia ambayo Geneva haikuijaribu: sekretarieti isikae mahali pamoja daima, bali izunguke. Kutoka Stockholm ilikuja Dar es Salaam, na baadaye ikaenda Yaoundé nchini Cameroon. Tanzania haikuwa ngeni katika kazi hiyo. Mwaka 2002 Arusha ilikuwa imepokea mkutano wa malaria wa Afrika nzima chini ya mpango huohuo.

Kwa nchi inayotamani kupewa tena dhamana kama hiyo, maisha ya Rajchman yanaonesha vigezo vyake. Majengo na vifaa vinahitajika, lakini mwenyeji hupimwa zaidi kwa mambo mengine: mlango wake uwe wazi kwa washirika wote, fedha zake zisitegemee mkono mmoja, matokeo yachapishwe hata yasipompendeza mfadhili, na taasisi nyingine zibaki na kazi na heshima zao. Mbu wa malaria havuki mpaka kwa pasipoti. Wanaompiga vita nao wanahitaji mahali pa kukutana ambapo hakuna anayejiona mgeni.