Baron aliyewalipa wachoraji kwa mvinyo

MNAMO 1922, kijana wa umri wa miaka 20 aliyezoea anasa za jiji la Paris alikabidhiwa shamba la mizabibu ambalo jamaa zake walikuwa wamelipa kisogo kwa miaka mingi. Shamba hilo, Mouton, liko Pauillac katika eneo la Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa. Wengi walidhani kijana huyo angechoshwa na maisha ya mashambani na kurejea mjini. Aliliongoza kwa miaka 66.

Baron Philippe de Rothschild alizaliwa Aprili 13, 1902, katika ukoo maarufu wa mabenki. Baba yake, Henri, alikuwa daktari na mtunzi wa tamthilia. Babu ya baba yake, Nathaniel, ndiye aliyenunua shamba hilo mwaka wa 1853. Miaka miwili baadaye, mvinyo mwekundu wa Bordeaux ulipopangwa kwa madaraja, Mouton iliwekwa katika daraja la pili. Doa hilo liliusumbua ukoo kwa zaidi ya karne moja.

Enzi hizo, wenye mashamba waliuza mvinyo ukiwa ndani ya mapipa. Wafanyabiashara wa Bordeaux ndio walioukomaza na kuutia katika chupa, na mnunuzi hakuwa na hakika ya alichokinywa. Mnamo 1924, Philippe aliamua kwamba mvinyo wake wote utiwe katika chupa papo hapo shambani, kisha akayashawishi mashamba mengine makubwa yafanye vivyo hivyo. Kwa kuwa mvinyo ulihitaji pahali pa kukomaa, mwaka wa 1926 alijenga ghala lenye urefu wa mita 100. Kazi ya kulisanifu alimpa Charles Siclis, mjuzi wa kujenga kumbi za maigizo.

Chupa yenye jina lake ilihitaji sura yake. Philippe alimwendea msanii Jean Carlu, ambaye alibuni lebo ya 1924 kwa mtindo mpya wa wakati ule, akitumia kichwa cha kondoo dume na mishale, nembo ya ukoo. Neno Mouton humaanisha kondoo kwa Kifaransa. Hata hivyo, wanunuzi hawakuvutiwa na jambo hilo geni, na baada ya muda mfupi wazo hilo likawekwa kando.

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Philippe aliliepuka kosa hilo. Mavuno ya 1930 yalipokuwa mabaya, alikataa mvinyo huo uitwe Mouton. Aliuuza kwa bei nafuu kwa jina la Mouton Cadet, nao ukaja kupata umaarufu duniani kote. Wakati huo pia alikuwa dereva wa mashindano ya magari, na mwaka wa 1929 alimaliza wa nne katika mashindano ya Monaco akitumia jina la kujibandika. Aidha, alijishughulisha na michezo ya jukwaani na filamu. Huko ndiko alikofahamiana na wasanii wengi.

Kisha vita vikaja. Ujerumani ilipoitwaa Ufaransa mwaka wa 1940, Philippe alivuliwa uraia kwa kuwa Myahudi, akafungwa na utawala wa Vichy, na shamba likatwaliwa. Baada ya kuachiliwa, alitorokea Uingereza na kujiunga na majeshi ya Jenerali Charles de Gaulle. Mkewe, Élisabeth, ambaye hakuzaliwa Myahudi na ambaye ndoa yao ilikuwa imeyumba, alibaki nyuma. Alikamatwa na polisi wa siri wa Ujerumani, akafa mwaka wa 1945 katika kambi ya Ravensbrück. Alimwacha binti mdogo, Philippine.

Mavuno ya mwaka huo wa majonzi yalikuwa miongoni mwa bora zaidi ya karne. Philippe alimwomba msanii kijana, Philippe Jullian, aipambe lebo kwa herufi V, ishara ya ushindi. Tangu hapo, karibu kila mwaka ukawa na msanii wake: Jean Cocteau mnamo 1947, Georges Braque 1955, Salvador Dalí 1958, Henry Moore 1964, Joan Miró 1969, Marc Chagall 1970 na Andy Warhol 1975.

Wasanii hawa hawakulipwa pesa. Kila mmoja alipewa makasha ya mvinyo, yakiwemo ya mwaka uliobeba kazi yake. Kwa hivyo palikuwa na urafiki, lakini biashara nayo haikukosa faida, kwani chupa zilitafutwa na wapenda sanaa pia. Pamoja na mkewe wa pili, Pauline, Mmarekani aliyemuoa mwaka wa 1954, Baron alikusanya vyombo na michoro ya kale inayohusu mvinyo. Mwaka wa 1962, Waziri wa Utamaduni André Malraux alifungua makavazi yao shambani humo.

Shabaha kuu ya Philippe ilitimia mwaka wa 1973. Jacques Chirac, wakati huo akiwa Waziri wa Kilimo, alitia saini amri iliyoipandisha Mouton hadi daraja la kwanza. Pablo Picasso alikuwa amefariki Aprili mwaka huo huo. Badala ya kujipamba kwa ushindi wake, Baron alitoa lebo ya mwaka huo iwe kumbukumbu ya mchoraji huyo, kwa kutumia kazi yake iliyokuwa katika makavazi ya Mouton.

Philippe alifariki Januari 20, 1988. Philippine, aliyekuwa mwigizaji, alishika usukani. Lebo ya 1993, yenye mchoro wa Balthus wa msichana uchi, ilizua malalamiko Marekani, hivyo chupa zilizouzwa huko zikaachwa na nafasi tupu. Philippine naye alifariki mwaka wa 2014, na watoto wake watatu wakaurithi utaratibu wa babu yao wa kumwalika msanii kila mwaka.