Maisha ya Muindi Mbingu katika visanduku vya mwanafunzi wa Kalama

MWANAFUNZI wa Kalama, katika Kaunti ya Machakos, akipewa na mwalimu wake jukumu la kuandaa filamu fupi kuhusu maisha ya Samuel Muindi Mbingu, atashawishika kuanzia pale wanapoanzia wengi: nyumba ya msonge, mtoto mchanga, mama akitabasamu. Nimehariri wasifu wa watu mashuhuri kwa miaka mingi, na mianzo ya namna hiyo nimeikata bila huruma. Muindi hakumbukwi kwa kuzaliwa Ngelani, vilimani juu ya mji wa Machakos. Anakumbukwa kwa miezi michache ya mwaka 1938, na chanzo cha miezi hiyo kimo udongoni.

Kwa hivyo kisanduku cha kwanza na kichorwe korongo.

Nasema kisanduku kwa kuwa kazi ya namna hii haianzi na kamera. Huanza na karatasi mbili. Ya kwanza ni skripti, ambayo hueleza kitakachoonekana na kitakachosikika, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni michoro ya mfululizo: visanduku vilivyopangwa kama kurasa za katuni, kila kimoja kikiwa na onyesho lake, na chini yake mstari mmoja au miwili ya kueleza sauti, muda na mahali kamera itakaposimama. Si lazima mchoraji awe fundi. Watu wa vijiti wanatosha, mradi ijulikane nani yuko karibu na nani yuko mbali. Kosa la karatasini hufutwa kwa raba. Kosa linalogunduliwa wakati darasa zima limekwisha kusafirishwa na kamera imekodishwa, hilo hula pesa za muhula.

Turudi kwenye korongo. Miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa katika hali mbaya. Nzige na ukame vilifuatana, nyasi zikaisha, na mvua ilipokuja ilikuta ardhi uchi ikaichukua. Maafisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni waliitaja Machakos kuwa miongoni mwa mifano mibaya zaidi ya mmomonyoko wa udongo nchini. Mwaka 1937 ofisa mmoja, R.O. Barnes, alipiga picha za miteremko hiyo kwa ajili ya ripoti ya udongo, na picha hizo zipo hadi leo. Mwanafunzi asizifiche kwa kudhani zinamsaidia mkoloni. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na skripti inayoukana itaanguka mbele ya mtazamaji wa kwanza mwenye babu.

Mzozo ulikuwa juu ya chanzo chake. Serikali ilisema ng'ombe ni wengi kupita kiasi. Wakamba walijibu kwamba ardhi ndiyo iliyofanywa kuwa ndogo: nyanda za malisho zilikuwa zimetwaliwa na kugawiwa walowezi, vilima vya Mua vikiwemo, na uwanda wa Yatta ulikuwa umefanywa mali ya serikali, mifugo haiingii humo ila kwa ruhusa. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, haikuyabadilisha mambo hayo kwa kiasi cha kumridhisha mfugaji. Hapa michoro inahitaji ramani, na ni heri iwe ramani moja iliyo wazi, mipaka ikijichora pole pole huku msimulizi akisema, kuliko hotuba ya dakika tatu.

Ndipo kinapoingia kiwanda. Kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Mwaka 1938 serikali ikaanza kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu. Kila eneo liliwekewa kikomo cha ng'ombe linaloruhusiwa kuwa nao; waliozidi walikusanywa na kupigwa mnada. Mnunuzi mkubwa akiwa jirani na kiwanda chake tayari, si ajabu kwamba wenye ng'ombe waliona zoezi la kuokoa udongo likifanana mno na zoezi la kulisha mashine za mtu.

Ng'ombe kwa Mkamba wa wakati huo hakuwa nyama. Alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa njaa, na kwa watu wa Ngelani, waliopata elimu ya misheni mapema na kuanza kulima kwa plau, alikuwa pia nguvu ya shambani. Kumchukua fahali wa plau ni kuchukua mavuno ya mwaka ujao. Nadhani jambo hili huwapita waandishi wengi wa siku hizi, ambao humchora Muindi kama mtetezi wa desturi za kale. Watu aliowasemea walikuwa wakulima waliosoma, wenye hesabu zao mkononi.

Chama cha Ukamba Members Association kilizaliwa katika joto hilo. Muindi ndiye aliyekuwa msemaji wake, akiwa na wenzake kama Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi na Simon Kioko. Watu walikula kiapo cha umoja kwamba hakuna atakayetoa ng'ombe wake kwa hiari. Viongozi hao walishirikiana na Kikuyu Central Association ya Nairobi, wakaandika malalamiko hadi kwa Waziri wa Makoloni, na habari zikafika Uingereza, ambako Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi huko, alilipeleka suala la ng'ombe wa Wakamba magazetini.

Mwishoni mwa Julai 1938, baada ya ng'ombe wa Ngelani kutwaliwa, zaidi ya watu elfu moja, wake kwa waume pamoja na watoto, waliondoka vilimani kwenda Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 60. Walitaka kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, uso kwa uso.

Mwanafunzi atumie visanduku vyake vingi hapa, na asimweke Muindi katika kila kimoja. Achore miguu barabarani. Achore vyungu na blanketi. Achore mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kwa kuwa uwepo wa wanawake na watoto ndio uliowatatiza wakuu wa serikali: umati wa vijana wenye silaha wangejua namna ya kuutawanya, lakini familia zilizoketi kimya ziliwaacha bila jawabu. Watu hao walipiga kambi Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na wakakaa huko kwa takriban wiki sita. Kukaa wiki sita kunahitaji chakula, maji, usafi na nidhamu. Kazi ya Muindi iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa hiyo: kuuweka umati mahali pamoja bila jiwe kurushwa.

Serikali ilikuwa na hofu nyingine. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na katika polisi, na askari ambaye ng'ombe wa baba yake wamepigwa mnada ni askari wa kufikiriwa mara mbili, hasa Ulaya ikielekea vitani. Mwishoni mwa Agosti Gavana alikwenda Machakos kuhutubia baraza. Hakuwapa watu walichokitaka. Septemba, Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu kwa amri ya serikali.

Fikiria safari hiyo kwa macho ya kamera: mtu wa vilima, aliyezoea asubuhi ya baridi na vumbi jekundu, anashushwa katika mji wa mawe ya matumbawe, punda na matanga ya mashua. Darasa likishindwa kufika Lamu, na madarasa mengi yatashindwa, kisanduku kimoja cha bahari tupu na sauti ya mawimbi kitatosha.

Kisha kije kisanduku ambacho wengi hukisahau. Kabla ya mwaka 1938 kwisha, Muindi akiwa uhamishoni, serikali iliacha kuwauza ng'ombe wa Wakamba kwa lazima. Aliyeongoza hakuwepo kushangilia. Mwaka 1940 vita vikiendelea, chama chake kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wataita, na viongozi wakazuiliwa.

Kuna jambo moja ambalo ningemsihi mwandishi wa skripti alitii. Asimtungie Muindi maneno. Ni rahisi kumsimamisha mwigizaji juu ya jiwe na kumpa hotuba tamu, lakini mtazamaji ataondoka akiamini kwamba ndivyo ilivyosemwa, na mwaka ujao hotuba hiyo itakuwa katika daftari la mwanafunzi mwingine kama historia. Msimulizi na asimulie. Umati na utembee. Mwigizaji wa Muindi akisema, kamera iwe mbali na upepo uyachukue maneno yake.

Sauti za kweli zitafutwe kwingine, na haraka. Watoto waliobebwa mgongoni kwenda Kariokor sasa wanakaribia miaka 90. Kabla ya kuchora kisanduku kingine, darasa liulize nyumbani: nani alikuwepo, nani alisimuliwa na mama yake, ng'ombe wa nani alikuwa na rangi gani. Simu ya mkononi inatosha kurekodi. Aombwe ruhusa kwanza, aandikwe jina na siku, na aachwe amalize bila kukatizwa.

Muindi alirudi kutoka Lamu baada ya miaka kadhaa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka 1953 aliuawa. Hakuiona Kenya huru. Nairobi ilipobadilisha majina ya barabara zake, Stewart Street ikawa Muindi Mbingu Street, ile inayopita mbele ya Soko la Jiji hadi bustani ya Jeevanjee. Nyama huuzwa kila siku katika soko hilo, na mpiga picha mwenye jicho hatakosa kuliona jina la barabara na ndoano za mabucha katika pumzi moja.

Hata hivyo filamu isiishie Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi na kamera katika baadhi ya mahali aliposimama Barnes mwaka 1937. Idadi ya watu Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, lakini miteremko iliyokuwa uchi ilikuwa na matuta ya fanya juu na miti, mengi yakiwa yamechimbwa na vikundi vya mwethya, wanawake wakiwa mbele. Kisanduku cha mwisho kinaweza kuchorwa bila kutoka Kalama: mteremko wenye matuta, saa moja asubuhi jua likiwa bado chini ili vivuli vionyeshe kila ngazi, ng'ombe mmoja amefungwa kando ya shamba, na kamera isitikisike kwa sekunde kumi.