DAKTARI KRAPF WA RABAI NA HESABU YA KRISMASI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala: je, Yesu alizaliwa kweli tarehe 25 Desemba, mwaka wa kwanza? Mie nilikuwa upande wa kutetea. Mpinzani wangu, ambaye ni rafiki yangu wa chanda na pete, akasema hesabu za miaka hazilingani, basi hadithi nzima ni ngano tu. Ukumbi ukajaa makofi. Nikatafuta jibu, wapi! Nikaketi kama kuku aliyenyeshewa.

Kwetu ni Rabai. Nikakumbuka kuwa aliyeitia hadithi hiyo katika lugha ya kwetu ni Dkt. Ludwig Krapf. Nikaanza kuyasoma maisha yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Mwaka 1837 wamisionari wa CMS walimtuma Ethiopia, na kuanzia 1839 hadi 1842 alikaa Shoa. Huko alikuta Wakristo wa tangu kale, lakini miaka yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane! Mapema mwaka 1840, kwa wenyeji wake ulikuwa 1832. Hata Krismasi yao siku hizi huangukia 7 Januari. Sababu ya miaka kupishana ni kwamba wataalamu wao wa zamani walipiga hesabu ya ujio wa Yesu kwa njia nyingine.

Sasa nani yuko sawa? Kumbe wote wamekosea! Miaka tunayotumia sisi ilihesabiwa na mtawa Dionisio huko Roma, mwaka 525. Lakini Injili za Mathayo na Luka zinamtaja Mfalme Herode, na wanahistoria wengi wanakubali kuwa Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Basi Yesu alizaliwa kabla ya huo mwaka wa kwanza. Na tarehe 25 Desemba je? Hakuna Injili inayoitaja. Inaonekana katika kumbukumbu za Roma kwenye karne ya 4.

Turudi kwa Krapf. Mwaka 1844 alifika Zanzibar, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, akaja Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ikamuua Rosine, na mtoto wao mchanga akafa pia. Makaburi yao yako upande wa Nyali. Mwingine angefunga virago, lakini Krapf alibaki. Akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Naam, Mwislamu na Mkristo meza moja!

Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakapanda Rabai, wazee wakawapokea. Hapo tena akakuta hesabu nyingine. Wazee wetu walikuwa na juma la siku nne, na kule Mombasa watu walihesabu miezi ya Kiislamu kwa kuandama kwa mwezi.

Mwaka 1848 Injili ya Luka ilichapishwa Bombay kwa lugha ya Rabai. Wakati huo lugha iliitwa Kinika, jina ambalo Wamijikenda hawalipendi. Humo ndimo lilimo lile fundo la mjadala wetu. Sura ya kwanza inamtaja Herode. Sura ya pili inataja kuhesabiwa kwa watu wakati Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Lakini hesabu ya Kirenio inayojulikana katika historia ni ya mwaka wa 6 baada ya Kristo, kama miaka kumi tangu Herode afe. Wataalamu wanabishana hadi leo.

Krapf mwenyewe alijua kubishiwa. Mwaka 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona Mlima Kenya. Wataalamu wa London ambao hawakukanyaga huku wakawacheka. Theluji ikaonekana kuwa kweli. Lakini katika miaka hiyo ya 1850, Rebmann na Erhardt walitoa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani ile ilikuwa na makosa, maana maziwa ni kadhaa. Hata hivyo maziwa yapo!

Krapf aliondoka 1853 kwa ugonjwa, akarudi kwa muda mfupi 1862. Alikufa Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ikatoka 1882.

Hawe wangu, yaani nyanya, ana kitambulisho kinachosema alizaliwa tarehe 1 Januari. Yeye hucheka, ati alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, na mwaka aliandikiwa kwa kukisia tu. Tarehe si yake, lakini hawe yupo, tena ndiye anayenipikia.

Kwa hiyo rafiki yangu, nakubali kwamba tarehe na mwaka havikai sawa. Hapo ulinishinda kwa haki. Lakini kosa la hesabu halitoshi kuifanya hadithi nzima kuwa ngano. Wala mimi siwezi kukuthibitishia yote kwa kalenda. Hayo mengine kila mtu atayapima kwa imani yake. Mjadala ujao nipe nafasi tena, mie niko tayari. Hapa naweka kalamu yangu chini. Wasalaam.