Siti binti Saad: muuza vyungu aliyesikika Afrika Mashariki nzima

Tangu tulipozungumza hewani juu ya kuuza mpunga na mchele kwa njia ya simu, wasikilizaji wetu wa Mngeta na vijiji vya jirani wanaturudishia swali moja kwa namna nyingi. Mtu asiye na duka mjini, asiye na fedha za matangazo, atasikikaje kwenye intaneti ambako kila mtu anaita wateja?

Swali hilo si dogo. Mavuno yanapoingia, mkulima anadaiwa ada ya mtoto, anadaiwa na mwenye trekta, na mnunuzi anayemjua ni yule mmoja aliyesimama mlangoni na gunia la lumbesa. Akikosa kusikika kwa mnunuzi mwingine, bei anapangiwa.

Leo tunajibu kwa maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuona simu ya mkononi wala kompyuta. Alianza kwa kuuza vyungu vya udongo kwa miguu. Alipofariki, sauti yake ilikuwa inajulikana katika nyumba nyingi za Kiswahili kuliko sauti ya mwanamke mwingine yeyote wa zama zake. Huyo ni Siti binti Saad.

Binti wa Fumba

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limeshafungwa, tangu 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Ndiyo maana jina alilopewa mtoto huyu lilikuwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, baada ya kazi yake kumpandisha.

Nyumbani kwao hakukuwa na mali. Hakupelekwa shule, na hakujua kusoma wala kuandika. Walilima, na walifinyanga vyungu. Binti alijifunza kufinyanga, kisha akawa ndiye anayevibeba kwenda kuviuza.

Sasa tuliangalie soko lake. Vyungu havikuwa haba Zanzibar, na chungu cha nyumba hii hakikutofautiana sana na cha nyumba ile. Muuzaji aliyepita kimya alipita na mzigo wake akarudi nao. Inasimuliwa kwamba binti huyu alikuwa akinadi vyungu vyake kwa kuimba, na sauti yake ilifika mbali kuliko macho. Mama aliyekuwa ndani anapika alitambua nani anapita kabla hajamwona, na aliyehitaji chungu alitoka nje.

Hilo lilikuwa tangazo lake la kwanza, na halikumgharimu hata senti. Lakini tusisahau jambo moja. Muuza vyungu hurudi njia ile ile wiki nyingine. Chungu kikivuja, mama yule yule atatoka tena, na safari hii hatoki kununua. Sauti iliwafanya watu watoke, na chungu kizima kikawafanya watoke tena.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Muhsin alimsikia, akaona kuna kitu, akamfundisha kuimba kwa mpangilio wa taarab na kwa matamshi ya Kiarabu.

Taarab ya wakati huo ilikuwa muziki wa wanaume na wa majumba ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Wengi wa Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa kawaida, waliisikia bila kuelewa maneno. Siti aliimba kwa Kiarabu alipotakiwa, lakini akaileta taarab kwenye Kiswahili. Aliitwa kuimba mbele ya wakubwa, akaitwa harusini, na usiku nyumbani kwake Ng'ambo kundi lake lilikutana kutunga na kufanya mazoezi. Kundi hilo lilikuwa na mafundi wanaotajwa mpaka leo: Subeti Ambar, Mbaruk, Buda Swedi na Mwalimu Shaaban.

Nyimbo zao hazikuwa za mapenzi peke yake. Zilibeba habari za mji: kesi iliyoamuliwa kwa dhuluma, mwizi mwenye cheo, mwanamke aliyeonewa. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulitokana na mauaji ya mwanamke mgeni na hukumu iliyowaangukia wasiostahili. Watu walimsikiliza Siti kwa sababu alisema yaliyowahusu, kwa lugha waliyoisema jikoni na sokoni.

Safari ya Bombay

Wakati huo gramafoni zilikuwa zimeshaingia pwani yetu. Maduka ya Zanzibar na Mombasa yaliuza santuri, lakini zilikuwa za muziki wa Misri na wa India. Kampuni ya Kiingereza iliyotumia nembo ya mbwa anayesikiliza mdomo wa gramafoni, His Master's Voice, ilitaka kuuza mashine na santuri nyingi zaidi Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, wakarekodi kwa Kiswahili. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kuingia kwenye santuri za biashara.

Huko walikutana na sharti la mashine. Usiku mmoja wa taarab ulikuwa mrefu, na wimbo mmoja uliweza kuendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka. Santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja, kisha sindano ilifika mwisho. Kundi lililazimika kuupunguza wimbo bila kuuua, likaamua lipi litangulie, lipi liachwe, na neno gani limbakie msikilizaji sindano ikishanyanyuliwa.

Wewe uliyejaribu kuweka video fupi ya mchele wako unalijua tatizo hilo. Wengi wetu hutumia nusu ya muda kusalimia na kuonyesha mandhari, na mtazamaji anapita kabla hajajua kinachouzwa ni nini. Anza na mchele wenyewe mkononi, sema ni aina gani, umekobolewa lini, uko wapi, ni shilingi ngapi kwa kilo. Salamu fupi inatosha.

Gramafoni moja, masikio mengi

Santuri zilitoka, na biashara ikawashangaza wenye kampuni. Kufikia mwaka 1931 santuri za Kiswahili zilizouzwa na kampuni hiyo zilikuwa zimepita 70,000. Kampuni nyingine, zikiwamo Columbia na Odeon, zikaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Lugha ambayo wafanyabiashara wa mbali hawakuiona kuwa soko ikawa soko.

Idadi hiyo haionyeshi watu wote waliosikia. Wenye uwezo wa kununua gramafoni walikuwa wachache. Mashine moja kwenye mkahawa ilikusanya mtaa. Aliyesikia aliondoka na wimbo kichwani, akauimba shambani, akamfundisha jirani. Ndivyo Siti alivyofika mahali ambako yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Hali hiyo tunaiona Mngeta pia. Si kila nyumba ina simu janja, na aliye nayo hana bando kila siku. Lakini kijana mmoja mwenye simu pale kwenye mashine ya kukoboa huwasomea watu watano bei ya mjini. Kwa hiyo usihesabu tangazo lako kwa idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda. Mwenye mgahawa mmoja wa Ifakara au Morogoro aliyeridhika na mchele wako atakutajia kwa watu usiowajua, na hao hawataonekana kwenye hesabu ya simu yako.

Nani mwenye mashine?

Tusidanganyane kuhusu upande wa pili. Siti alikuwa na sauti, lakini hakuwa na mashine. Kampuni ndiyo iliyomiliki vyombo vya kurekodi, kiwanda na njia ya kufikisha santuri madukani. Ikishaona faida inaendelea, ikiona haipo inaondoka.

Mitandao ya leo iko vivyo hivyo. Facebook na Instagram si mali yetu. Ukilipia tangazo huko, unachagua eneo unalotaka lionekane, umri wa watu na kiasi cha fedha kwa siku. Fedha inakatwa tangazo likionekana au likibonyezwa, mteja anunue asinunue. Kwa hiyo kabla ya kulipa, jiulize: mchele upo ghalani? Namba ya simu inapokelewa? Mteja wa Morogoro akitaka gunia tatu kesho, zitasafirije? Kulipia tangazo la kitu usichoweza kukifikisha ni kuinunua aibu kwa fedha yako.

Yapo ya kuanzia bila malipo. Programu ya WhatsApp ya biashara haiuzwi, na ina mahali pa kupanga picha za bidhaa na bei zake. Na namba za wateja wako ziandike pia kwenye daftari. Ukurasa ukifungwa au simu ikiibwa, daftari linabaki.

Maneno ya watu

Umaarufu ulimletea Siti maadui. Walimdhihaki kwa asili yake ya utumwa, kwa sura yake na kwa umaskini wa kwao, na dhihaka hiyo ikatungiwa maneno yakaimbwa mitaani. Yeye hakujificha, wala hakushuka kutukanana. Alijibu kwa wimbo, akawakumbusha watu kwamba uzuri wa sura si kitu, thamani ya mtu iko katika akili na adabu. Wimbo wa jibu ukapendwa, na waliomdhihaki wakabaki kukumbukwa kwa sababu yake.

Anayeuza mtandaoni atapata maneno. Kuna atakayesema mchele wako una chenga, na huenda anasema kweli. Mjibu kwa upole mbele ya wote, na kama kosa ni lako, rekebisha mbele ya wote. Wengine wanasoma kimya, wakipima kama wewe ni mtu wa kuaminika.

Kuaminika kwenyewe ndiko kunakoharibiwa na matapeli. Wapo wanaochukua picha ya mchele wa mtu, wanaweka bei ya chini, wanaomba watumiwe fedha kwanza, kisha simu inazimwa. Mnunuzi akiumizwa hivyo mara moja, humwogopa hata mkulima mkweli wa Mngeta. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Na wewe muuzaji, mwoneshe mteja uso wako, ghala lako na sauti yako, umpe nafasi ya kutuma ndugu au dereva akague mzigo kabla ya kulipa.

Mwisho wa safari

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo, mwandishi Shaaban Robert alikuwa amekutana naye, na baadaye akaandika wasifu wake, kitabu ambacho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwaka uliofuata, 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo. Kwa hiyo aliondoka redio ikiwa mlangoni, lakini santuri zake zilikuwa tayari. Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzeeni na kufariki mwaka 2013, alimfuata katika njia hiyo. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.

Sisi tunaoongea kwenye maikrofoni kila siku tunalo la kujifunza kwake, kama alivyo nalo mkulima wa mpunga. Alitumia chombo kipya kilipokuja, hakukiogopa. Lakini alikuwa ameshafanya kazi miaka mingi kabla yake: njia ya Fumba na vyungu kichwani, mafunzo kwa Ali Muhsin, mazoezi ya kila usiku Ng'ambo. Gramafoni ilimkuta ana kitu cha kupeleka, ikakipeleka. Isingemkuta nacho, ingepeleka ukimya.

Basi msimu huu, kabla hujanunua bando la kutangaza, pepeta mchele wako vizuri, pima kilo kamili, ondoa mawe, na usichanganye wa zamani na mpya. Kisha fungua simu, uite wateja kwa sauti yako mwenyewe na kwa Kiswahili chako cha Mngeta. Atakayesikia na kununua mara ya kwanza, mfanye atoke tena mlangoni ukipita mara ya pili.