HABIB SWALEH NA MAULIDI YA LAMU



Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, mji mdogo wa Lamu hujaa wageni. Huja watu wa Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja na hata Ngazija. Kunasomwa maulidi kwa matari, kunachezwa goma la fimbo, na mashua na punda hushindanishwa. Siku ya kilele wanafunzi hutoka kwa zefe, wamevaa kanzu nyeupe, wakimsifu Mtume (S.A.W.) njia nzima. Watoto wengi wanazijua mbio za punda. Wachache wanamjua mtu ambaye sherehe hii ilikua mikononi mwake. Kwa hiyo mwaka huu tumeona tuwaelezee maisha yake kwa ufupi.

Sayyid Swaleh bin Alwy Jamalullayl, maarufu kama Habib Swaleh, alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Akiwa kijana alikuja Lamu, ambako walikuwapo jamaa zake, akasoma kwa maulamaa wa mji huo. Alijulikana pia kwa kuwatibu wagonjwa.

Ili tuielewe kazi yake, yatupasa tuijue Lamu ya wakati ule. Waungwana walikaa Mkomani katika majumba ya mawe. Upande wa Langoni walikaa wengi wa wageni na wanyonge, katika nyumba za makuti. Utumwa ulikuwa bado upo. Sheria ya kuukomesha katika pwani ya Kenya ilitoka mwaka 1907. Darsa za elimu ya juu zilikuwa za wenye nasaba. Mtumwa, au mtoto wa mtumwa, hakutarajiwa kukaa mbele ya kitabu.

Habib Swaleh, ambaye kwa nasaba yake angeweza kukaa na wakubwa, alichagua kukaa Langoni. Akafungua darsa kwa kila aliyetaka kusoma, awe mwungwana, mgeni au mtumwa. Watu wale walipenda ngoma zao, naye hakuwafukuza kwa sababu hiyo. Aliwavuta taratibu, mpaka ngoma ikawa njia ya kuwafikisha kwenye elimu na sifa za Mtume (S.A.W.).

Wakati huo huo yalifika Lamu maulidi yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Habib Swaleh akayasomesha, yakisomwa kwa matari. Hapo ndipo upinzani ulipozidi. Wako wanazuoni walioona kuwa matari hayafai msikitini, na wako wakubwa wa mji walioona kuwa heshima yao inavunjwa kwa kuchanganywa na watumwa. Habib Swaleh alisubiri na kuendelea kusomesha. Mwishoni mwa karne ile ukasimama Msikiti wa Riyadha, wenye jina kama la msikiti wa Habib Ali kule Seiyun. Wanafunzi wakaja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na waliporudi kwao wengine walifungua madrasa.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu. Kazi yake iliendelezwa na wanawe, akiwemo Sayyid Ahmad Badawy, na baadaye na wajukuu. Mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na leo maulidi yake ni fahari ya pwani nzima.

Waislamu wana rai mbalimbali juu ya maulidi na matari, na adabu ni kuheshimiana. Lakini hakuna anayebisha kwamba kumsomesha asiyethaminiwa ni jambo kubwa. Hapa kwetu pia yuko mtoto anayekaa nyuma ya darasa kwa sababu kanzu yake imechakaa, au kwa sababu kwao si watu wa mji huu. Zefe yetu itapendeza vipi ikiwa huyo ameachwa nyuma? Wanafunzi, mpisheni akae nanyi mbele. Wazazi, msiulize ni mtoto wa nani.

Allah (S.W.T.) amrehemu Habib Swaleh na walimu wetu wote waliotangulia, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.