Johann Sebastian Bach, Mpiga Kinanda

Kila Jumapili mpiga kinanda wetu hufungua kitabu chake na kupiga yaliyoandikwa. Lakini mara nyingine ubeti wa mwisho umekwisha na sadaka haijamalizika kukusanywa. Hapo hana budi kubuni muziki papo hapo, bila karatasi. Je, muziki huo hutoka wapi? Wengi husema ni kipaji tu. Maisha ya Johann Sebastian Bach yanatupa jibu pana zaidi.

Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach, Ujerumani, katika ukoo wa wanamuziki. Kabla ya kutimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kufiwa na mama, kisha na baba. Akalelewa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda katika mji wa Ohrdruf. Habari zilizochapishwa mwaka 1754, baada ya kufa kwake, zasimulia kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha muziki wa mabingwa wa siku zile, naye alikifungia kabatini. Mtoto akawa akikichomoa usiku na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa muda wa miezi sita. Kaka yake alipogundua, alimnyang'anya nakala ile. Hata hivyo, aliyekwisha kuandika jambo kwa mkono wake hulibeba kichwani.

Mwaka 1703 alipata kazi ya kupiga kinanda kanisani katika mji wa Arnstadt. Miaka miwili baadaye aliomba ruhusa ya majuma manne, akaenda Lübeck kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 400, ili amsikilize bingwa Dietrich Buxtehude. Hakurudi mpaka mwanzoni mwa mwaka 1706. Baraza la Kanisa likamwita ajieleze. Pamoja na kosa la kuchelewa, walimlaumu kwamba alikuwa akichanganya sauti ngeni ndani ya nyimbo za ibada, hata waumini wakapotea njia. Kijana alikuwa amerudi na mambo mengi mapya, lakini alikuwa hajajifunza kuwangoja wanaoimba.

Mwaka 1720 ulikuwa mwaka wa msiba. Mnamo Julai, alipokuwa safarini pamoja na bwana wake, Mtawala wa Köthen, mkewe Maria Barbara alifariki. Bach aliporudi alikuta amekwisha kuzikwa, na watoto wanne wanamngoja. Mwezi wa Novemba alikwenda Hamburg, ambako nafasi ya mpiga kinanda ilikuwa wazi katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo. Alipiga kinanda katika Kanisa la Mtakatifu Katarina mbele ya wakuu wa mji. Wakamwomba apige tenzi inayotokana na Zaburi ya 137, ile ya waliolia kando ya mito ya Babeli. Akaipiga karibu nusu saa bila karatasi, akiigeuza kwa namna nyingi. Mpiga kinanda wa kanisa lile, mzee Reincken, alikuwa ametunga yeye mwenyewe muziki mrefu juu ya tenzi hiyo. Alikiri kwamba alidhani ufundi huo umekwisha kufa, kumbe ungali hai. Lakini nafasi ile ya Mtakatifu Yakobo alipewa mtu mwingine, aliyetoa mark 4,000 kwa kanisa.

Mwaka 1723 Bach alihamia Leipzig kuongoza muziki na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Thomas. Mwaka huo huo alikamilisha kitabu cha mazoezi ya kinanda. Mwanzoni mwake alieleza kusudi lake: mwanafunzi asijifunze kupata mawazo mazuri tu, bali ajifunze pia kuyakuza. Hapo ndipo siri ilipo. Wazo huja mara moja, bali njia za kulikuza hujifunzwa polepole.

Mei 1747 alifika Potsdam, kwa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Mfalme alimpa wimbo mfupi, mgumu, akamtaka autumie kubuni fugi papo hapo. Fugi ni muziki ambamo sauti moja huanza, ya pili huurudia wimbo ule ule huku ya kwanza ikiendelea na mengine, kisha ya tatu hufuata vivyo hivyo. Bach akabuni fugi ya sauti tatu, wote wakastaajabu. Mfalme akataka sauti sita. Hapo Bach hakujisifu. Alijua kwamba si kila wimbo unakubali mzigo huo, akachagua wimbo wake mwenyewe, akapiga sauti sita. Kisha alirudi nyumbani na kukaa chini na ule wa mfalme, akaandika fugi ya sauti sita juu yake. Kazi hiyo aliichapisha mwaka huo huo pamoja na nyingine juu ya wimbo ule, naye alikiri wazi kwamba siku ile, kwa kukosa maandalizi, hakuutendea wimbo haki yake.

Basi yeye aliyewapita wote kwa kubuni papo hapo ndiye aliyejua mpaka wa kubuni huko. Sisi tuliofundisha tunalifahamu jambo hili: mwalimu anayefundisha vizuri bila kushika daftari ni yule aliyeandaa masomo kwa miaka mingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Bach alifariki Leipzig tarehe 28 Julai 1750. Vijana wa kwaya mnaotamani kupiga kinanda bila kitabu, msianze kwa kukitupa kitabu. Kinakilini kwanza.