Muyaka bin Haji: Malenga wa Mvita aliyehifadhiwa na waliomsikiliza

UNAPOTAJWA ushairi wa Kiswahili wa karne ya 19, jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy halikosi kutangulia. Malenga huyu wa Mombasa, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka wa 1776 na kufariki mnamo 1840, hakuacha diwani iliyopigwa chapa katika uhai wake. Hata hivyo, tungo zake zinasomwa hadi leo, na sababu yake kuu ni wale waliomsikiliza.

Kabla ya enzi zake, ushairi ulioheshimika zaidi katika upwa wa Afrika Mashariki ulikuwa wa tendi ndefu za dini na vita vitukufu. Mfano ni Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mnamo 1728. Hizo zilikuwa kazi za wanazuoni, na lengo lao lilikuwa kufunza na kuonya.

Muyaka alishika njia nyingine. Ingawa hakuubuni yeye umbo la shairi la mishororo minne, alilifanya kuwa chombo cha mambo ya kila siku: mapenzi na wivu, ukata na neema, safari za baharini, ukarimu, usaliti na siasa za mji wake. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba aliutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni.

Nafsi inayosema katika tungo zake ni ya mtu anayependa, anayelalama, anayecheka na anayechoka. Hapo ndipo ulipo mvuto wa ushairi wa hisia: msikilizaji hahubiriwi, bali huyatambua mambo yake mwenyewe katika kinywa cha mwingine.

Maisha ya Muyaka hayawezi kutenganishwa na ya Mombasa chini ya Wamazrui, watawala ambao alikuwa karibu nao na kuwatetea kwa ulimi wake. Takriban mwaka wa 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Uhasama huo ulizaa malumbano makali ya kishairi. Muyaka alitunga kwa upande wa Mvita, naye Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi, alijibu kwa upande wa Lamu.

Malumbano hayo hayakuwa mchezo wa maneno tu. Shairi lilivuka bahari likiwa na tishio, kejeli au nasaha ndani yake, na waliolipokea walipaswa kulifumbua kabla ya kulijibu. Kwa kuwa lugha ilijaa mafumbo na istiari, asiyejua siri za mji aliambulia utamu wa sauti pekee, ilhali mwenyeji alipata ujumbe kamili. Kwa hivyo, msikilizaji alikuwa mshiriki na wala si mtazamaji.

Mkondo wa historia haukuwaendea vyema watu wa Mvita. Mnamo 1824 Nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliuweka mji chini ya ulinzi wa nchi yake, lakini ulinzi huo ulikoma mwaka wa 1826. Seyyid Said wa Oman aliendelea kuuandama mji hadi alipoutwaa mnamo 1837, na vinara wa Wamazrui wakakamatwa na kuhamishwa. Muyaka alishuhudia kuanguka kwa marafiki zake, na kwa makadirio yaliyopo aliishi miaka mitatu hivi baada ya hapo.

Kutoka hapo kazi yake ingeweza kupotea kabisa. Watawala aliowasifu walikuwa wameondoka, na mashairi yalikuwa yametawanyika katika vifua vya watu. Kilichoyaokoa kwanza ni umbo lake. Mshororo wa mizani 16, uliogawika nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho, humsaidia mtu kukumbuka. Neno moja likibadilishwa ovyo, sikio hugutuka mara moja.

Pili, palikuwa na watu waliojali. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1890, alikusanya tungo nyingi na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmishonari Mwingereza William Taylor, ambaye alihifadhi nakala hizo na kuziongezea maelezo. Kutokana na hazina hiyo, William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mnamo 1940 kupitia chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa uchambuzi mpana wa tungo hizo na mazingira yake.

Je, mwanafunzi wa Tongaren, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, ana uhusiano gani na malenga huyu? Ugumu upo. Muyaka alitunga kwa Kimvita, ambamo macho ni mato na nchi ni nti. Msomaji wa Bungoma au Kitale anayekijua Kiswahili cha darasani huhitaji sherehe ya maneno na maelezo ya historia. Akiachiwa kuhesabu mizani na vina tu kwa ajili ya mtihani, shairi hubaki kama nyumba iliyofungwa.

Hata hivyo, jamii ya Wabukusu si ngeni kwa sanaa ya aina hiyo. Katika khuswala kumuse, baada ya mazishi ya mzee aliyeheshimika, mneni huwahutubia waombolezaji kwa lugha nzito yenye methali na historia ya koo, nao wasikilizaji hupima kila neno. Kijana aliyekulia karibu na desturi hiyo tayari anajua kwamba usemi wa sanaa humtaka msikilizaji naye afanye kazi.

Urithi wa Muyaka uliendelea pia nje ya madarasa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alipofungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu za kisiasa, alitunga gerezani kwa kufuata mapokeo hayo hayo ya arudhi na mafumbo. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka wa 1973 na kusomwa na Wakenya wengi ambao hawakuwahi kufika pwani.

Muyaka alitungia mji mmoja mdogo uliozungukwa na maji. Wasomaji aliowapata baadaye, mbali na kisiwa hicho, wanadaiwa kile walichokitoa wenyeji wa Mvita: kusikiliza kwa makini, kuuliza maana, na kuyahifadhi maneno yasipotee.